Lebo Yenye Jina Moja

Juzi tulimzika Damasi, bosi wangu wa kwanza, na tangu tutoke makaburini kila mtu ananiambia marehemu hasemwi. Sawa. Nilikaa kimya chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, nikasikiliza wasifu wake ukisomwa na mpwa wake kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alizaliwa, akasoma, akaoa, akaajiri vijana. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Kisha mpwa akageuza ukurasa na kusoma kwamba marehemu ndiye aliyebuni mfumo wa kuhifadhi kazi za watoto wa shule za msingi, mfumo uliomtambua kila mtoto na kutunza kila alichojifunza. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikaiminya mpaka ikapiga kelele na mama wa mbele yangu akageuka kunitazama. Tatu alikuwa kando yangu. Ndiye niliyefanya naye kazi kwa Damasi mwaka ule nilipotoka chuoni, na ndiye, kama kuna haki duniani, aliyestahili kutajwa pale. Tulipopewa chakula nikashindwa kula. "Skola, kula bwana," akaniambia. "Nyama ya msiba hailiwi kwa kununa." Nikamuuliza kama alisikia walichosoma. "Nimesikia. Lakini marehemu hasemwi." Nikamwambia simsemi, nitamwandika. Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na watu wakadhani analia.

Basi naandika. Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani ambalo ngazi zake zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya watu. Chini kulikuwa na duka la masufuria na mabeseni, na kutwa nzima tulisikia masufuria yakigongwagongwa, maana mteja wa Kariakoo hanunui sufuria bila kuigonga. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kuishi. Sebuleni ndipo tulipofanya kazi, Tatu na mimi, na mchoraji wa picha aliyekuja siku moja moja. Chumba cha Damasi kilikatwa kwenye sebule hiyohiyo kwa ukuta wa plaiwudi ambao haukufika darini, kwa hiyo akikohoa tulisikia, akiongea na simu tulisikia zaidi. Jikoni iliwekwa seva, juu ya meza iliyogusana na sinki, ikipulizwa na feni bila kupumzika. Ilikuwa marufuku kufungua bomba la jikoni. Vikombe vya chai tuliviosha bafuni, na mgeni akiomba maji ya kunywa tulimwona anavyoshangaa kuyaona yanatokea huko. Kila mchana Tatu alifungua hotpoti iliyotoka kwao, nyuma ya soko, yenye chapati na maharage ya nazi, akatandika gazeti juu ya meza ya mchoraji, tukala. Damasi alikuja kula na sisi. Sitamnyima haki yake: alikuwa mcheshi, alijua kusimulia, na alimega chapati nusu yake akampa mwenzake bila kuombwa. Ndiyo maana ilinichukua muda kumchukia.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kusoma. Mimi niliandika hadithi fupi na maneno ya kwenye skrini: kuku amepotea, bibi ameficha ndizi, mambo ya namna hiyo. Kazi ya Tatu ilikuwa ile ambayo hakuna anayeisifia, yaani kuamua kazi ya mtoto inakwenda wapi mtoto akimaliza. Mtoto akisoma neno, akijibu swali, akirekodi sauti yake, lazima kitu hicho kikae mahali, na lazima kesho kipatikane. Siku za kwanza sikuelewa kwa nini jambo hilo linamchukua wiki nzima mtu mwenye akili kama yeye. Akanishika mkono akanishusha hadi kwenye duka la masufuria. Akanionyesha rafu, na kwenye kila sufuria kibandiko kilichoandikwa saizi na kiwanda. "Sufuria ndiyo kazi ya mtoto," akasema. "Hiki kibandiko ndiyo lebo. Inasema hii ni kazi ya nani, ya lini, ya somo gani. Ukikibandua, sufuria haijaenda popote, lakini muulize huyu muuzaji kama ataipata." Muuzaji akatuuliza kama tunanunua au tunafundishana. Tangu siku hiyo nilimwelewa, na naomba msomaji naye alishike hilo moja tu: faili ni kitu chenyewe, lebo ndiyo inayosema ni cha nani.

Shule ya majaribio ilikuwa mtaa wa Gerezani, katikati ya gereji, mahali ambapo mwalimu anafundisha irabu huku nje mtu anagonga bodi la gari. Sitaitaja jina. Walimu wake hawakuwa na kosa. Kompyuta zilikuwa zimekuja na kontena kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, zilizokwishatumika, zenye skrini za chogo, zile zilizotokeza nyuma, na nyingi zilifika zimekufa. Zilizobaki zilipangwa kwenye chumba kimoja, na mbele ya kila moja likawekwa dawati la kawaida la shule zetu, lile la watoto watatu. Watatu wakakaa. Hakuna aliyewaagiza, dawati ni la watatu, tangu lini likakaliwa na mmoja? Na watoto walivyo wepesi, siku ya kwanza tu walikuwa wamegawana kazi na kuzipa majina. Anayeshika kipanya waliita dereva. Anayesoma maandishi ya kwenye skrini kwa sauti waliita konda, kwa sababu konda ndiye hupaza sauti. Wa tatu, anayesaidia kujibu na kubishana, alikuwa abiria. Mwalimu wa darasa aliona utaratibu huo unaleta utulivu, akauacha, na kila dawati likachagua konda wake kwa kigezo kimoja: awe ndiye anayesoma vizuri kuliko wenzake.

Kwenye dawati la pembeni mwa dirisha konda alikuwa Mwanahamisi, msichana wa darasa la pili, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na mwili wake. Dereva wake aliitwa Baraka na abiria Neema. Nilimsikiliza akisoma hadithi yangu ya bibi na ndizi bila kugusa herufi kwa kidole, na alipofika mahali bibi anapokasirika akakasirika na yeye. Baraka alibofya pale alipoambiwa abofye. "Hapo, siyo hapo, juu! Pameandikwa endelea!" Nilifurahi kama mjinga. Tatu alikuwa amechuchumaa nyuma ya dawati, hafurahi. Akanivuta mkono. "Skola, unaona wanavyofungua?" Kila mtoto alikuwa na picha yake kwenye skrini ya kuanzia, birika, kiatu, samaki, na akibonyeza picha yake folda yake inafunguka. Lakini mwenye kipanya ni dereva, na dereva hubonyeza picha yake mwenyewe. "Huyu binti amesoma wiki tatu," Tatu akasema, "na kila alichosoma kimeandikwa Baraka."

Tulirudi kwa miguu. Nilidhani ni hitilafu ndogo. Tatu akaishughulikia kana kwamba mtu amemwibia mdogo wake. Kwa siku kadhaa hakula nasi. Alikaa jikoni na seva, mtandio kaufunga kiunoni, na akitoka alikuwa anaongea peke yake. Alichokifanya, naweza kukieleza kwa maneno machache, ni kuzitoa kazi za watoto kwenye mafolda yao na kuziweka zote kwenye rafu moja, kisha lebo ndiyo iseme ni za nani. Na lebo hiyo aliipanua ichukue majina zaidi ya moja. Watoto wakikaa, wote watatu wanabonyeza picha zao, kila mmoja akichagua na kazi yake: dereva, konda, abiria. Kazi inahifadhiwa mara moja tu, lakini inaonekana kwa wote watatu, na inasema nani alisoma na nani alibofya. Akalichukua na daftari la mwalimu wa darasa, aliyekuwa akiandika nani kakaa wapi, akazirekebisha na lebo za wiki zilizopita. Alipomaliza aliniita jikoni anionyeshe. Kazi za Mwanahamisi zilishuka kwenye skrini mpaka zikapita chini. Damasi naye aliitwa, akatazama juu juu, akasema safi sana, akaenda kupokea simu.

Hakuwa ameelewa. Alielewa wiki chache baadaye, wafadhili walipotaka kuona jinsi kazi zinavyohifadhiwa. Tulikuwa sebuleni, nakumbuka Tatu alikuwa anamenya chungwa, na sauti ya Damasi ikaja juu ya plaiwudi, yuko kwenye simu nao, kwa Kiingereza chake cha wageni. Anawaambia kila mtoto ana kompyuta yake. Anawaambia kompyuta zote zilizotumwa zinafanya kazi. Tatu akaacha kumenya. Tulitazamana. Ndipo nikajua kwamba tangu kontena lilipofunguliwa mtu huyu alikuwa ameona haya kusema kompyuta zimefika zimekufa, akaandika kwamba ni nzima, na uongo huo ukawa unalelewa chumbani mle kama mtoto wa nyumbani. Kusema kweli kungemgharimu nini? Barua moja ya aibu. Wangemwelewa, au wangemkasirikia, basi. Mpaka leo nikifikiria jinsi ilivyokuwa rahisi kusema kweli, damu inanichemka.

Alitoka na karatasi mkononi. "Tatu, hii lebo mbona ina majina matatu?"

"Kwa sababu watoto ni watatu, bosi."

"Wanaokuja wanatakiwa waone kila mtoto na kompyuta yake."

"Si waende Gerezani, wataona."

"Usinijibu hivyo. Bakiza jina moja."

"Nimbakize nani?"

"Aliyefungua. Mwenye kipanya."

"Na hawa wawili niwapeleke wapi?"

"Watakuwa na mafolda yao kama kawaida."

"Matupu?"

"Folda ni folda," akasema Damasi.

Nimewahi kusikia matusi ya kila aina hapa mjini, ya sokoni na ya ofisini, na sijasikia tusi kama hilo. Folda ni folda! Nilisimama nikamwambia hao ni watoto, hatuwezi kufuta kazi za watoto ili yeye asiaibike. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Skola, wewe ni mtu wa hadithi. Mambo ya seva yanakuhusu nini?" Tatu akakataa kugusa kitu. Akasema akitaka afanye mwenyewe. Damasi alijua kompyuta kiasi cha kuharibu. Aliingia jikoni, akafunga mlango, na sisi tukabaki sebuleni tunasikiliza feni ya seva na masufuria ya chini yakigongwa. Alipotoka alikuwa anajifuta jasho. Kila lebo ilikuwa imebakiwa na jina moja. Sauti za watoto zilikuwepo palepale kwenye rafu, hakufuta hata moja, na hilo alijivunia baadaye, eti hakufuta kazi ya mtoto yeyote. Sauti ya Mwanahamisi ilikuwa inasoma hadithi ya bibi na ndizi kama siku zote, imeandikwa Baraka.

Wafadhili walikuja, wakaonyeshwa lebo hizo palepale ofisini, wakapiga picha, wakala pilau ya kuagizwa kutoka hoteli moja ya Posta, wakaondoka wameridhika. Wangeishia hapo ningekuwa nimeshasahau. Lakini walipendezwa mno. Waliomba mfumo utoe ripoti ya kila mtoto mwisho wa mwaka, na shule ikaelekezwa itumie ripoti hizo kuamua nani apande darasa na nani arudie. Damasi akaiandika programu ya ripoti mwenyewe, maneno yake na kila kitu. Aliyekuwa na kazi nyingi aliandikiwa sifa. Mwenye folda tupu alijazwa sentensi aliyoitunga Damasi. Kwenye kila dawati dereva akawa hodari. Makonda, wale waliochaguliwa kwa sababu walisoma kuliko wenzao, ndio walioonekana hawajafanya lolote. Tatu alikuwa amebaki na nakala ya lebo zake za zamani kwenye flashi. Tulikwenda naye shuleni. Mwalimu wa darasa akazitazama, akasema, "Dada zangu, mimi sihitaji hizo. Mimi najua huyu mtoto anasoma, nimemfundisha mwenyewe. Lakini nimeambiwa mwaka huu ripoti ya kompyuta ndiyo inayofuatwa." Mwalimu mkuu akasema hivyo hivyo, na akaongeza kwamba ofisi yetu ndiyo iliyotuma, kwa hiyo ofisi yetu ndiyo itengue. Tukarudi kwa Damasi. Damasi akasema kutengua maana yake ni kuwaeleza wafadhili.

Watu hudhani kuhifadhi ni kazi ya mashine. Mashine haihifadhi chochote ambacho mtu hajaamua kihifadhiwe, na mwaka ule nilimwona mtu mzima, mwenye watoto wake mwenyewe nyumbani, akiamua. Nimefanya kazi sehemu nyingi tangu wakati ule. Kila ninapokaa kikaoni na kijana mmoja mwerevu akaniambia sehemu ya jina tuiache iwe ya mtu mmoja, itakuwa rahisi zaidi, mimi hubadilika sura, na wanasema mama Skola ana hasira za bure. Si za bure. Nazijua zilikotoka. Na niseme mapema, ili asije mtu akasubiri mwisho mwema: Mwanahamisi alirudia darasa la pili. Akakaa tena mwaka mzima na wadogo zake, akisoma a, e, i, o, u.

Siku mama yake alipokuja ofisini ilikuwa asubuhi, tumetoka kunywa chai. Alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na gereji zile, na harufu ya mafuta ilipanda naye ngazi. Alivua kandambili mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, na Mwanahamisi akavua zake akaziweka kando ya za mama yake. Tatu na mimi tukamwamkia shikamoo. "Marahaba wanangu," akasema, akiangaza macho. "Nimemfuata mkubwa wenu." Damasi akatoka nyuma ya plaiwudi akitabasamu, akamkaribisha kiti. Mama hakukaa.

"Nimeambiwa mwanangu anarudia darasa," akasema. "Mwalimu kanituma huku. Kasema nyie ndio mliosema hajui kusoma."

"Si sisi, mama. Ni kompyuta."

"Imesemaje?"

Damasi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Akaenda kwenye kompyuta ya Tatu, akaifungua ripoti, akaligeuza lile likompyuta lenye chogo kuelekea kwa mgeni. Nadhani alitegemea kwamba maandishi kwenye skrini yangemtisha, kama yanavyowatisha wengi, na mama angeshukuru na kushuka ngazi. "Angalia mwenyewe, mama. Imeandikwa hapa. Kompyuta haimuonei mtu."

"Mimi hapo naona mwanga tu, baba," mama akasema. "Sikubahatika kusoma. Meseji zangu zote ananisomea huyu." Kisha, bila kumtazama, kwa mazoea ya mtu anayepokea simu yake mkononi kila siku, akamgusa binti yake begani. "Mwana, hebu nisomee."

Mwanahamisi akasogea. Hakugusa skrini kwa kidole. Alisoma kwa sauti ileile nzito aliyokuwa akiwasomea wenzake, akipumzika penye nukta.

"Mwanahamisi Juma Saidi. Darasa la pili. Kazi zilizohifadhiwa: hakuna. Mwanafunzi huyu bado hajaanza kusoma. Tunashauri arudie darasa."

Tatu alijiziba mdomo. Mtoto alitazama sentensi ile tena, nikaona midomo yake ikiipitia upya kimyakimya, kisha akarudi nyuma akashika gauni la mama yake. Mama akamgeukia Damasi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama," Damasi akasema. "Lakini ripoti imeshatumwa."

"Basi tumeni nyingine," mama akasema, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo dogo kabisa ambalo alikuwa hajaliwaza. Damasi alinyoosha mkono, akaizima skrini.